Sura ya Tisa: Mwanamke Aliyeteka Maji ya Tope

Asubuhi ile Lazaro alikiri kwamba ndiye aliyemuua mnyapara, na hapo ndipo Ombasha Hezekia alipoanza kuamini kwamba hakumuua.

Hakulisema hilo. Hezekia alikuwa mtu wa sauti ndogo, mtoto wa mfinyanzi wa Lyulilo, na miaka yote aliyovaa sare ya askari wa boma haikumfundisha kupaza sauti. Alichuchumaa mbele ya kijana aliyefungwa mnyororo kwenye shina la mkuyu, akamwacha amalize.

"Ni mimi," Lazaro alisema. "Mwambie Bwana. Ambrose alinichapa kiboko kule uwandani, mbele ya watu, mbele ya mke wangu. Nikamuua. Basi, iishe."

"Jana ulisema si wewe."

"Jana nilisema uongo."

"Haya. Nieleze vizuri, ili nami nikamweleze Bwana vizuri. Ulimpiga na nini?"

"Na jiwe."

"Ulilitoa wapi?"

"Hapo hapo mtoni. Mawe si yamejaa?"

"Yamejaa kweli. Mwenyewe Ambrose alikuwa amekaaje?"

"Aliinama kwenye chemchemi, anakunywa. Nikamjia kwa nyuma, nikampiga kisogoni."

"Akaanguka kifudifudi?"

"Kifudifudi. Ndiyo."

"Ahsante," Hezekia akasema, akainuka akijishika magoti.

Yeye ndiye aliyeuinua mwili wa Ambrose. Mnyapara hakulala kifudifudi. Alilala chali kando ya chemchemi, kikombe cha bati kikiwa bado kwenye vidole vyake, na kisogo chake kilikuwa kizima. Kilichopasuka ni utosi. Ambrose alikuwa mrefu kuliko watu wote kambini, na Lazaro alimfika begani. Kumpasua mtu kama huyo utosini akiwa amesimama, Lazaro angehitaji ngazi.

Jiwe lenyewe Hezekia alilificha ndani ya gunia chini ya mwamba ulioinama, mvua isije ikaliosha. Alilifunua tena asubuhi ile, akaligeuza upande mmoja, akaligeuza wa pili. Mawe ya korongo lile yalikuwa ya mviringo, ya kijivu, yamelainishwa na maji tangu zamani. Hili lilikuwa na kona. Upande mmoja ulishika udongo mwekundu pamoja na nyuzi za mizizi, na upande mwingine ulikuwa na kuvu jeupe linaloota penye jua. Pale chemchemini palikuwa na mchanga mweusi mtupu. Udongo mwekundu ulikuwapo mahali pamoja tu: juu, kwenye ukingo wa mwamba, palipopita njia ya mbuzi.

Alitazama juu. Mbingu ilionekana kama utepe kati ya kuta mbili, na utepe wenyewe ulikuwa umejaa mawingu.

Walikuwa wamenaswa. Hapakuwa na neno lingine. Ilikuwa masika ya mwaka uliofuata ule wa nyota yenye mkia, na Bwana Hartung, mpimaji wa barabara, alikuwa amesikia kwamba korongo la Nsesi lingeweza kupitisha njia kutoka uwanda wa Kyela hadi milima ya Ukinga. Msafara ukavuka uwanda kwa siku kadhaa, wapagazi wakizama kwenye tope la mashamba ya mpunga, kisha kwenye nyasi zilizowazidi kimo, hakuna mti wala kivuli, mbele yao milima ambayo haikukubali kusogea. Walipoingia korongoni waliona afadhali. Palikuwa na chemchemi safi, kuni kavu, pahali pa kupiga hema. Alasiri hiyo hiyo Ambrose akakutwa amekufa. Usiku mvua ikapiga milimani, mto ukajaa, na mdomo wa korongo ukafungwa na maji mekundu yaliyobeba magogo. Nyuma kulikuwa na maporomoko. Njia ya mbuzi nayo ilianzia kule kule mdomoni, na mwanzo wake ulikuwa umezama.

Kwa hiyo Hezekia alikuwa na hakika ya jambo moja. Yeyote aliyekuwa korongoni alasiri ile, alikuwa bado yumo.

Bwana Hartung alikuwa mbele ya hema lake akiifuta darubini yake ya kupimia. Alikiongea Kiswahili kwa amri, hata alipokuwa anauliza.

"Amekiri?"

"Amekiri, Bwana."

"Vizuri! Maji yakishuka, unampeleka boma. Utasema amekiri. Watamnyonga, na mimi nitatafuta mnyapara mwingine."

"Amekiri vibaya, Bwana."

"Vibaya namna gani? Mtu anakiri au hakiri."

"Amekosea jiwe, amekosea jeraha, amekosea na jinsi marehemu alivyoanguka. Mtu aliyeua hukosea kimoja. Huyu hakuwapo."

Bwana aliiweka darubini juu ya sanduku. "Ombasha, hapa tuko watu wangapi? Kama si yeye, nani? Mimi?"

"Wewe ulikuwa hemani, Bwana."

"Ahsante sana," Bwana akasema kwa dhihaka. "Maji yakishuka anakwenda. Hata kama ni leo jioni. Kabla ya hapo, kama una mtu mwingine, mlete."

Hezekia alipiga saluti, akaenda jikoni.

Sadoki mpishi alikuwa akichambua mchele. Alikuwa Mbena aliyelelewa misheni, mtu mnene na mcheshi, na siku ya kwanza Hezekia alimshuku yeye, kwa sababu asubuhi ile waligombana na Ambrose, na aproni yake ilikuwa na damu. Lakini damu ilikuwa ya kuku, na kuku mwenyewe Bwana alimla. Tena wakati Ambrose anakufa Sadoki alikuwa akiimba tenzi kwa sauti mbaya kiasi kwamba Bwana alimtupia kiatu. Kambi nzima ilikumbuka kiatu.

"Umekuja kunishuku tena, afande?" Sadoki akauliza. "Leo nimechinja bata."

"Leo nimekuja kukusikiliza. Nieleze tena ulichokiona."

"Nimeeleza mpaka ulimi umeota sugu. Nilikuwa hapa. Nikamwona Angetile, mke wa Lazaro, anakwenda chemchemini na mtungi kichwani. Akalizunguka lile jabali, sikumwona. Mara nikasikia *pwaa*, mtungi. Kisha nikamwona anatoka mbio, nguo ameivuta mpaka usoni, haoni hata anakokwenda. Akaniangukia hapa kwenye kuni. Namuuliza, we mwanamke, kuna nini? Kimya. Ndipo tukaenda, tukamkuta Ambrose. Ama! Alikuwa anamlindia mumewe mlango, nini kingine?"

"Baada ya hapo amefanya nini?"

"Nani, Angetile? Anapika. Analia. Analeta maji ya ajabu."

"Ya ajabu vipi?"

Sadoki aliinua mtungi mdogo, akamimina. Maji yalitoka mekundu kama chai iliyochacha. "Hayo. Tangu siku ile hateki chemchemini. Anakwenda kule chini kwenye mafuriko, kwenye magogo, mahali pa kufia mtu, anateka tope. Anamwogopa maiti. Nimemwambia, dada, Ambrose tumeshamzika upande ule, hana haja na wewe. Hasikii. Jana usiku kamletea mumewe yayo hayo."

"Lazaro aliyanywa?"

"Aliyatazama. Aliyatazama sana, afande, kama mtu anayesoma. Akayanywa yote. Wala hakuuliza."

"Na asubuhi akakiri."

Sadoki aliacha kuchambua. "Sasa tope linamfanyaje mtu akiri?"

Hezekia alikuwa akiukumbuka uwanda. Tangu waondoke Ngonga, ambako Ambrose alimchukua Lazaro shambani katikati ya palizi kujaza nafasi ya mpagazi aliyetoroka, kila walipopiga kambi kulikuwa na moshi mwembamba nyuma yao, mbali, kwenye nyasi. Hezekia alimwonyesha Ambrose. Ambrose alicheka, akasema ni fisi anapika. Moshi haukuwahi kusogea karibu. Haukuwahi kubaki nyuma pia.

"Sadoki, wapagazi wetu ni watu wa wapi?"

"Wabena, Wasangu, Wanyamwezi wawili. Kwa nini?"

"Na Wanyakyusa?"

"Ni Lazaro na mkewe tu."

"Ndiyo maana hakuna aliyemwelewa," Hezekia akasema.

Alimkuta Angetile kando ya mafuriko, ameketi juu ya gogo, mtungi wa kuazima miguuni. Alikuwa msichana bado, shanga za ubatizo shingoni, macho yamevimba. Alipomwona askari akapiga goti kidogo, kama afanyavyo binti aliyelelewa vizuri.

"Ugonile, binti yangu," akamsalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, taata," akaitika, kama anayemwitika baba yake.

Hezekia alikaa chini, mbali kidogo, akatazama maji kama yeye. "Nyumbani kwetu ni Lyulilo. Sisi ni Wakisi, lakini tumeishi na ninyi. Mama yangu alikuwa akibeba vyungu mpaka Ndandalo, nami nikimfuata. Siku moja tulikuwa njiani na mama mmoja wa huko, anacheka, anatusimulia. Katikati ya neno akatupa mzigo wake, akaingia majanini, akajifunika gubigubi. Nikadhani ameona simba. Mama akaniziba mdomo. Mzee akapita, baba wa mumewe, naye amegeuza uso upande mwingine, karibu aanguke mtaroni. Alipokwisha pita yule mama akatoka, akaokota mzigo, akaendelea na hadithi pale pale alipoishia."

Angetile hakucheka. Mikono yake ilikuwa imeukaza mtungi.

"Sikuulizi uliyemwona," Hezekia akasema. "Najua huwezi kulitaja jina lake, na mimi sitakulazimisha. Ila mume wako amekiri. Maji haya yakishuka atakwenda boma, na boma watamnyonga. Umesikia?"

"Nimesikia, taata." Sauti yake ilikuwa haifiki mbali. "Hakuua."

"Najua. Amekiri kwa sababu aliona maji uliyompa. Akajua kuna mtu ambaye huwezi kupita chini yake. Akadhani mtu huyo amemlipizia kiboko chake. Nawe pia unadhani hivyo?"

"Sikuona." Machozi yalianza tena. "Taata, sikuona kitu. Niligeuka. Nilisikia kishindo tu. Nitasema nini mbele ya Wazungu? Niseme nini, na mgongo ndio uliokuwapo?"

Alikuwa amefungwa pande zote, Hezekia akaona, kuliko hata yule wa mkuyuni. Akinyamaza, anamuua mume. Akisema, anamuua baba wa mume, na hana hata alichokiona cha kusema.

"Basi usiseme. Mimi nitapanda kule juu mwenyewe." Aliunyoosha mkono taratibu kuelekea ukingo wa mwamba, juu ya chemchemi, penye pango lililofunikwa na mizabibu mwitu. "Nataka tu kujua kama napanda bure."

Angetile aliufuata mkono wake kwa macho mpaka nusu. Kisha akaivuta nguo yake kichwani, akageuka, akaupa ukuta wa pili uso wake.

"Ndaga," Hezekia akamshukuru. "Inatosha."

Kutoka kambini alipanda kwa ufa wa mwamba hadi kwenye njia ya mbuzi, iliyokuwa nyembamba kama ubao, upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa. Hezekia alivua viatu. Juu ya chemchemi hasa alisimama, akapiga magoti, akapapasa. Palikuwa na shimo bichi kwenye udongo mwekundu, mizizi imekatika. Alitoa mfukoni kipande cha udongo alichobandua kwenye jiwe, akakilinganisha na pale. Kisha akainama kuchungulia chini. Chemchemi yenyewe haikuonekana. Mwamba ulitokeza tumbo, na aliyesimama chini ya ncha yake akinywa maji asingeonekana, ingawa jiwe likiteleza lingemfikia. Kilichoonekana ni njia ya kutokea kambini tu, pale mtu anapolizunguka jabali.

Akainuka, akaenda pangoni.

Mzee alikuwa ameketi akitazama ukuta wa ndani. Mbele yake palikuwa na majivu baridi na maganda ya ndizi yaliyokauka. Hakugeuka.

"Kama wewe ni mwanamume, ingia," akasema. "Kama si mwanamume, tafadhali rudi."

"Ni mwanamume. Ombasha Hezekia, wa msafara. Ugonile, baba."

"Ndaga. Mimi ni Anyosisye, wa Ngonga." Ndipo akageuka. Uso ulikuwa umeingia ndani kwa njaa, lakini alijitahidi kunyoosha mgongo. "Mmekuja kunifukuza? Ningeondoka mwenyewe. Njia imezama."

"Ulikuja kufanya nini, baba?"

"Kumwona Bwana. Kijana wangu alichukuliwa na palizi haijaisha, tena ana mke mchanga. Nikasema nitabeba mimi mzigo wake, yeye arudi. Mabega haya yamebeba sana." Akayagusa. "Lakini mkewe alimfuata mumewe msafarani. Sasa ningeingiaje kambini? Kila mlipolala nami nililala nyuma, nikingoja nimwone kijana akitoka peke yake. Hakutoka peke yake hata mara moja. Huku nikapita njia ya juu, nikasema nitamwita kutoka huku."

"Na siku ile ulipofika?"

Mzee alitazama miguu yake, kama mtu mwenye aibu. "Nilifika pale kwenye udongo mwekundu, nikachungulia. Na yeye huyo anakuja, mkamwana, mke wa kijana wangu, mtungi kichwani. Nadhani aliniona. Niligeuka kwa haraka, mguu ukateleza, jiwe likashuka. Nikasikia mtungi ukipasuka. Ombasha, tangu siku hiyo naona haya. Nimemvunjia mtoto wa watu mtungi. Mwambie kijana wangu nitamtafutia mwingine Lyulilo, mkubwa kuliko ule."

"Baada ya hapo hukuchungulia tena?"

"Nichungulie vipi? Yeye si yuko huko chini?"

Hezekia alikaa kwenye majivu. Aliongea taratibu, neno baada ya neno, kwa sababu hakujua njia nyingine. Alimweleza kwamba jiwe halikuvunja mtungi. Alimweleza ni nani aliyekuwa chini ya tumbo la mwamba. Alimweleza kijana yuko kwenye mnyororo tangu siku ile, na asubuhi ya leo amesema ni yeye.

Mzee hakupiga kelele. Alianza kutafuta fimbo yake, akaipapasa pale ilipokuwa na pale isipokuwapo.

"Twende," akasema. "Kwa nini umekaa? Twende."

"Ngoja. Njia inapita juu ya chemchemi, na umedhoofika. Kwanza nikamwombe Bwana amhamishie mkamwana wako upande wa maporomoko. Halafu nitakuja na kamba."

Bwana Hartung alisikiliza mpaka mwisho, na mwishoni alicheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyeambiwa kwamba samaki wa ziwani hupanda miti.

"Mzee anamwona mwanamke mwenye mtungi, anaogopa, anamwangushia mtu jiwe. Hii nikaseme boma?"

"Haogopi, Bwana. Anamheshimu. Na mwanamke vilevile. Mashahidi ni wawili, na wote walikuwa wamegeuka kwa wakati mmoja."

"Mashahidi wawili wasioona! Ombasha, mzee amemwokoa mwanawe kwa hadithi. Mwerevu sana."

"Hakujua kama mwanawe amefungwa. Nimemwambia mimi."

"Ndivyo anavyosema."

"Naomba mwanamke aondolewe, nimshushe mzee. Halafu muulize mwenyewe."

Bwana alitazama ukingo wa mwamba. Akamtazama Hezekia. "Mshushe," akasema.

Hezekia alichukua kamba ya hema, akapanda. Hakumwona Bwana akimwita Sadoki, wala hakusikia Sadoki akipinga, kisha akinyamaza, kisha akienda kando ya mafuriko kumwambia Angetile kwamba mzee ameshashuka, yuko hemani kwa Bwana, na chemchemi sasa iko wazi, akateke.

Alimfunga mzee kamba kiunoni, upande wa pili akajifunga mwenyewe. Akatangulia. Walitembea wakiubusu mwamba. Walipofika kwenye udongo mwekundu Hezekia aliona chini, kando ya njia, buti za Bwana Hartung. Bwana alikuwa amekunja mikono, anatazama juu kama mtu aliyelipa kiingilio.

"Bwana," Hezekia aliita, na kwa mara ya kwanza msafara mzima ulisikia sauti yake ikipanda, "yuko wapi mwanam—"

Angetile alilizunguka jabali.

Mtungi ulianguka kabla mshangao haujamfikia mtu yeyote. Alikuwa ameshageuka, ameshapiga magoti, nguo juu ya kichwa. Na mzee Anyosisye, kwenye njia nyembamba kama ubao, mwamba upande mmoja na hewa upande wa pili, naye aligeuka. Hakukuwa na mahali pa kugeukia. Akageukia hewani.

Hezekia alijitupa chini, akaukumbatia mzizi. Kamba ikamkata kiunoni, ikakaza. Udongo mwekundu ukamegeka, mawe yakaporomoka, moja likapiga maji ya chemchemi kwa kishindo na kummwagia Bwana kuanzia kofia hadi buti. Wapagazi walipiga mayowe. Sadoki alipiga mayowe kuliko wote, akisema Mungu amsamehe.

Watu wawili hawakupiga kelele. Mzee alining'inia kwenye kamba akizunguka polepole, na kila kamba ilipotaka kumgeuza aelekee kambini alisukuma mwamba kwa mguu ili arudi kuupa uso. Macho ameyafumba. Chini yake, hatua chache tu, Angetile alibaki amepiga magoti, mgongo kwake. Mawe yalianguka nyuma yake, maji yakamrukia mgongoni, watu wakalia mtu anakufa. Hakugeuka kutazama.

Bwana Hartung aliwatazama. Alimtazama mwanamke, akamtazama mzee, akalitazama jiwe lililotua pale pale alipokufa Ambrose, na udongo mwekundu ukiyeyuka majini.

"Mvute," akasema, kwa sauti ndogo. Kisha akawapigia kelele wapagazi: "Mvuteni! Mnangoja nini? Na wewe, mpishi, mwondoe huyu mwanamke! Mwondoe!"

Walipanda, wakamvuta mzee. Mbavu zimechunika, lakini mzima. Hezekia aliposhuka, kiuno chake kilikuwa na damu iliyopita kwenye sare. Alisimama mbele ya Bwana, akapiga saluti.

"Angekufa, Bwana."

"Sikujua."

"Niliomba mwanamke aondolewe."

Bwana alivua kofia iliyolowa. Maji yalimchuruzika kwenye ndevu. Alitoa ufunguo wa mnyororo mfukoni, akautazama, akampa Hezekia bila kumwangalia.

"Mfungue kijana. Boma nitasema mwenyewe. Mzee atakuja, atatoa maneno yake, na mimi nitasema nilichokiona. Kama watacheka, nitawaambia nami nilicheka."

Hilo lilikuwa kubwa kuliko Hezekia alivyotarajia, na dogo kuliko alivyotaka. Hakujua watu wa boma wangeamini vipi. Alijua tu kwamba leo hakuna mtu atakayepelekwa kunyongwa, na kwa leo alikubali.

Lazaro alipofunguliwa alimkimbilia baba yake. Mzee aliishika mikono ya kijana penye alama za chuma, akaipulizia kama mtu anavyompulizia mtoto aliyeungua.

"Ulidhani nimeua," mzee akasema mwishowe.

"Nisamehe, taata."

"Nami nikadhani umekaa unakula ugali."

Ndipo Sadoki alipokuja, mikono kifuani, hawezi kumtazama mtu. "Afande, samahani. Kuna jambo. Yule binti amekaa kule nyuma ya kuni, uso ukutani. Anasema hatatoka. Nimemwambia njoo ule, anauliza mzee yuko upande gani. Nikamwambia upande huu. Anauliza atahamia upande gani mwingine. Nami nikatazama." Akafungua mikono. "Hakuna upande mwingine."

Ilikuwa kweli. Kuta mbili, maporomoko, mafuriko. Maji hayakuwa yameshuka hata kidogo, na milimani wingu lilikuwa linashona wingu jingine. Wangekaa humo wote, labda hadi Jumapili, labda zaidi, ndani ya nafasi ambayo mtu angeweza kurusha jiwe kutoka mwisho hadi mwisho.

Hezekia aliitazama kambi taratibu, kama alivyotazama kila kitu. Kisha akaenda kwa Bwana.

"Bwana, naomba turubai la hema lako."

"La nini?"

"Tulisimamishe katikati kama pazia. Kutoka jabali hadi mkuyu."

Bwana Hartung alitazama juu. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza. "Na mimi nitalala wapi?"

"Wewe hukatazwi kumwona mtu yeyote, Bwana. Unaweza kulala popote."

Sadoki alikohoa ndani ya kiganja chake. Kwa muda ilionekana Bwana atapiga kelele. Badala yake akaanza kung'oa vigingi vya hema, mwenyewe, kwa mikono yake, akilalamika kwa lugha ya kwao.

Walilisimamisha turubai katikati ya korongo. Mzee upande mmoja, mkamwana upande wa pili. Upepo wa mvua ulilipiga likatuna, na mlingoti wa katikati ukataka kuanguka. Lazaro aliushika. Alisimama hapo, bega moja kwa baba yake, bega lingine kwa mkewe, mvua ikimpiga usoni. Hezekia alimwendea, akamwambia akapumzike, mikono yake ina vidonda, atashika yeye.

"Hapana, ombasha," Lazaro akasema. "Niache nishike."